Macintosh Portable ya 1989: chomeka ukutani, haiwaki ng'o

Mjomba alirudi nayo kutoka Marekani, ikakaa juu ya kabati miaka na miaka mpaka nilipoishusha mwaka jana. Wanaiita kompyuta ya kubeba, lakini ina kilo 7 na ushee. Nilipofika nayo kituo cha daladala vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Haikuwaka. Na ujue haina swichi ya kuwashia: unabonyeza kitufe chochote cha kibodi, inaamka. Mimi niliitafuta swichi siku nzima.

Fundi wa kwanza, Kariakoo, aliipindua mara mbili akanirudishia. "Kaka, mazabodi imekufa hii. Peleka kwa watu wa chuma chakavu, uzito unao." Hela ya kuangalia akachukua.

Nikakaa nayo mwenyewe na mita. Chaja ilisoma volti 7.5, kama ilivyoandikwa. Betri haikufika hata volti 1. Basi hapo ndipo penye kituko. Laptopu ya leo ukiitoa betri inakula umeme wa ukutani bila shida, hii inagoma. Chaja yake ni dhaifu, kazi yake ni kujaza betri, na ile nguvu ya kuwakia, diski inapoanza kuzunguka, inatoka kwenye betri. Betri ikifa, na mashine nayo imekufa. Kwa kitu kilichouzwa zaidi ya dola 6,000, huo ni ubunifu mbovu, sina neno jingine.

Afueni ni kwamba betri yake ni ya risasi na asidi, volti 6. Zile betri nyeusi za taa za dharura, volti 6 na amp-saa 4.5, zimejaa kila duka la vifaa vya umeme. Nilinunua moja. Haikuenea ndani ya ganda la zamani, kwa hiyo inaning'inia nje kwa waya mbili kama mgonjwa mwenye dripu.

Ikalia "tii", ikazima. Ikalia tena, ikazima.

Safari hii nikaenda kwa kijana anayetengeneza simu mtaani kwetu. Kava linafunguka bila bisibisi, jambo lililomfurahisha kuliko kompyuta yenyewe. Ndani, kapasita ndogo (vidude vya kutunza umeme kwa muda mfupi) za mikrofaradi 47 zilikuwa zimevuja, na miguu yake imeota kutu ya kijani. Alipozigusa na pasi ya kulehemu, kibanda kizima kikanuka shombo. "Bro, umeniletea kompyuta au kibua?" Ni yale majimaji ya ndani ya kapasita, yakipata moto hunuka hivyo hivyo, na yakiachwa hula njia za shaba. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akaweka kapasita mpya za tantalamu, aina isiyo na majimaji. Hapo nilimshika mkono: kwenye zile kuukuu mstari uliochorwa juu huonyesha mguu wa hasi, kwenye tantalamu mstari ni chanya. Ukiigeuza, inaweza kulipuka.

Sasa inawaka kila mara. Skrini haina taa kwa nyuma, lakini dirishani maandishi yake ni makali ajabu, na kibodi ni tamu kuliko ya laptopu yangu ya kazini. Nikimaliza nachomoa waya mmoja wa betri, maana hata ikilala inaendelea kunywa umeme kidogo kidogo, na betri ya risasi ikikauka kabisa haifufuki.

Nyota 3. Mbili nimezikata kwa sababu ya chaja.