OpenFOAM imenionyesha kwa nini rangi ya pembeni mwa pipa haizunguki

Kazi yangu ni kuchanganya rangi za maji za ukutani, kwenye mapipa yanayonifika kiunoni. Panga la mashine huzunguka katikati. Kwa muda mrefu nilikuwa naona jambo lilelile: ukidondosha nyekundu juu ya nyeupe, katikati panageuka waridi mara moja, lakini sentimita kadhaa za pembeni, karibu na ukuta wa pipa, zinabaki nyeupe pe. Nikiongeza kasi, nafuu ni ndogo. Nilitaka kuuona mwendo wenyewe humo ndani, ndipo nikaanza kutumia OpenFOAM, programu ya kukokotoa jinsi vimiminika vinavyotiririka. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze.

Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2004, na kwangu inakwenda kwenye laptopu ya kawaida yenye Linux. Natumia toleo la v2012. Usitarajie vitufe vya kubofya: unaandika mafaili ya maandishi, unaamuru ikokotoe, kisha unatazama picha kwenye ParaView, programu ya kuonyesha matokeo. Wiki mbili za mwanzo zinahitaji subira.

Kilichonivuta ni namna inavyouchukulia mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Maji yana mnato uleule hata uyakoroge vipi. Rangi sivyo: ikitulia inashikamana, ikisukumwa inalainika, na ndiyo maana inateleza chini ya brashi halafu haichuruziki ukutani. Ndani ya OpenFOAM zipo kanuni kadhaa tayari, kama powerLaw, BirdCarreau na HerschelBulkley. Mimi nilichagua hii ya mwisho kwa sababu ina mkazo wa kuanzia, yaani kiwango ambacho chini yake rangi haitiririki kabisa.

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba usomaji wako uwe wa makini kuliko wangu. Rangi yangu ina mkazo wa kuanzia wa Paskali 12 hivi, nami nikaandika 12. Kumbe katika hesabu hizi za vimiminika visivyobanika, kila kitu kimeshagawanywa kwa densiti. Rangi yenye kilo 1,300 kwa mita ya ujazo inatakiwa iandikwe 0.0092. Baya zaidi, jibu la uongo lilipendeza! Picha ilionyesha pipa zima likizunguka taratibu mpaka ukutani. Sababu ni kwamba kanuni hii ina dari ya mnato, nu0, na kwa kosa langu karibu rangi yote iligonga dari hiyo, ikawa inatiririka kama asali nzito ya mnato mmoja. Nililigundua nilipofungua picha ya mnato badala ya ya kasi: rangi moja kila mahali. Tangu siku hiyo naanza na picha ya mnato.

Nikarudi nyuma kwenye jaribio linalokokotoleka kwa mkono: silinda mbili, ya ndani yenye nusu kipenyo cha milimita 20 inazunguka, ya nje ya milimita 40 imesimama. Kimiminika kama maji, katikati ya nafasi hiyo, huzunguka kwa asilimia 26 ya kasi ya mzunguko ya silinda ya ndani. Kinacholainika kwa powerLaw yenye n ya 0.5 (n ni kipimo cha kulainika; 1 ni kama maji) huzunguka kwa asilimia 14 tu. Mwendo wote unajibana karibu na chuma kinachozunguka. OpenFOAM ilinipa namba zilezile, nami nikaanza kuiamini.

Kwa uso unaozunguka tumia rotatingWallVelocity, ukiipa kitovu, mhimili na kasi ya mzunguko. Jina movingWallVelocity linavutia, ila lile ni la wavu (vijisehemu ambamo programu inaigawa nafasi ili ikokotoe) unaosogea wenyewe. Wavu ukiwa umetulia, halitauzungusha ukuta wako.

Baada ya kusahihisha, pipa langu lilionyesha kile wataalamu wa uchanganyaji wanachokiita pango: rangi iliyo hai kulizunguka panga, na nje yake rangi iliyokwama kwa sababu mkazo haufiki pale. Kasi inalipanua pango kidogo kidogo. Nilipochora panga pana zaidi, ukingo wa pango ukagusa ukuta. Nikampelekea fundi wa kuchomelea mchoro huo, akatengeneza panga jipya, na waridi sasa inafika pembeni.

Kwa vimiminika vyenye mnyumbuko, kama ute wa yai unaopanda juu ya kijiti kinachozunguka, kanuni nilizozitaja hazitoshi, kwa kuwa hazina kumbukumbu ya kuvutwa. Kuna nyongeza ya bure iitwayo rheoTool, iliyotoka Chuo Kikuu cha Porto, Ureno. Nimeipakua juzi kwa ajili ya gundi yetu ya mbao, ambayo nayo hupanda kwenye mhimili wa mashine.