Pampu ya Namba 6 vijijini Bangladesh: chuma hakina neno, maji ndiyo ya kupimwa

Ingia ua wowote wa kijijini Bangladesh, utaikuta karibu na jiko au kando ya bwawa: pampu ya mkono ya chuma cha kalibu, mpini mrefu uliopinda, mdomo umeelekea sakafu ya saruji. Hii ndiyo Namba 6. Serikali na UNICEF waliisambaza kwa bidii katika miaka ya 1970 ili watu waache kunywa maji ya mabwawa yaliyokuwa yakiwaletea kuhara na kipindupindu. Baadaye watu walianza kujinunulia wenyewe, na leo visima vya namna hii ni mamilioni.

Umbo la kijiji lenyewe linaifaa. Delta ya mito Ganges, Brahmaputra na Meghna ni mchanga na tope, mwamba hakuna, na maji hayako mbali. Ndugu hujenga nyumba zao kuzunguka ua mmoja, juu ya tuta lililoinuliwa kwa udongo uliochimbwa bwawani, ili mafuriko ya Juni hadi Septemba yasiwafikie. Pampu yenye silinda ya milimita 89 inatosha ua kama huo na majirani wake, hadi watu 100 hivi.

Kuchimba kisima chake hakuhitaji mashine. Mafundi husimamisha jukwaa la mianzi, huchimba shimo dogo na kulijaza maji yaliyokorogwa na kinyesi cha ng'ombe, ambacho huzuia kuta za kisima zisiporomoke. Bomba huinuliwa na kuachiwa kwa wenzo wa mwanzi. Fundi aliyeketi juu huziba mdomo wa bomba kwa kiganja linapopanda na kuuachia linaposhuka, na tope hutoka likiruka. Kiganja chake ndicho valvu. Baadaye hushushwa bomba la plastiki la inchi moja na nusu, lenye chujio lililokatwa mianya membamba upande wa chini. Usibanie fedha kwenye chujio. Likipitisha mchanga, ngozi ya pistoni italika upesi na silinda itachimbika.

Namba 6 hunyonya, haisukumi. Kwa hiyo ina mpaka ambao hakuna fundi awezaye kuuvuka: maji yakisimama kina cha zaidi ya mita 7 hivi kutoka kwenye pampu, hayapandi. Wanunuzi wengi hukosea hapa. Kinachohesabika ni mahali maji yanaposimama ndani ya bomba, urefu wa bomba si hoja. Kisima cha mita 200 kitatoa maji vizuri ikiwa maji yake hupanda yenyewe hadi mita 5 kutoka kwenye pampu, na kifupi cha mita 20 kitakauka yakisimama mita 9. Kipindi kibaya ni Machi na Aprili, mashine za kumwagilia mpunga wa kiangazi zinapovuta maji kutwa. Eneo la Barind, kaskazini-magharibi, si la pampu hii kabisa. Maji yanaposhuka kupita mita 7 tafuta pampu ya Tara, ambayo silinda yake huzama ndani ya kisima na huvuta hadi mita 15. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea pampu ya Afridev inayofika mita 45 asitarajie kazi hiyo hapa.

Kwa matengenezo, naipa alama za juu kuliko pampu yoyote ya kijiji. Kila kitu kinachoharibika kiko juu ya ardhi, spana moja au mbili zinatosha, na vipuri viko katika soko la karibu. Mpini wenyewe hukueleza ugonjwa. Ukirudi juu kwa nguvu unapouachia, chujio limeziba au maji yameshuka mno. Ukishuka mwepesi bila kutoa kitu, ngozi ya pistoni imekwisha. Maji yakitoka na mapovu, kuna hewa inayoingia penye kiungo cha bomba na pampu. Na ikiwa kila asubuhi pampu haishiki mpaka umimine maji kichwani mwake, valvu ya chini inavuja usiku.

Hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo ni hatari. Maji ya kumimina huchotwa bwawani, pengine kwa chombo kile kile cha chooni, na uchafu uliokimbiwa unarudishwa ndani ya pampu kwa mkono. Badilisha ngozi ya valvu, ni bei ndogo. Mpaka hapo weka ndoo safi yenye kifuniko kwa kazi hiyo tu. Sakafu ya saruji ikipasuka izibwe, na choo kiwe mbali angalau mita 10. Pampu iliyofunikwa na mafuriko isinywewe mpaka itiwe klorini na kuvutwa hadi harufu iishe.

Sasa kasoro kubwa, ambayo haimo katika chuma. Mchanga wa kijivu wa delta hii una aseniki iliyoshikamana na kutu ya chuma. Mabaki ya mimea yanapooza chini pasipo hewa, kutu huyeyuka na sumu huingia majini. Nchini Bangladesh iligunduliwa mwaka 1993. Visima karibu milioni 5 vilipimwa kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, na asilimia 29 hivi vilipita kiwango cha taifa cha maikrogramu 50 kwa lita, ambacho ni mara tano ya kile cha Shirika la Afya Duniani. Vibaya vilipakwa rangi nyekundu, vizuri kijani. Baadaye rangi ilififia, na visima vingi vilichimbwa bila kupimwa.

Aseniki haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakuitoi. Doa jekundu kwenye saruji ni chuma tu, halikuambii lolote juu ya sumu. Pima kwa kifaa cha shambani, kazi isiyofika saa moja. Kisima cha jirani hakikuhakikishii chako, hata kikiwa hatua ishirini tu kutoka kwako. Mafundi wa eneo la Matlab huangalia rangi ya mchanga unaotoka: mweusi ni wa kuogopwa, mwekundu una nafuu. Ni mwongozo mzuri wa kuchagua kina, lakini kipimo bado kifanyike. Maji ya pampu nyekundu yafulie nguo na kuogea, kunywa na kupikia hapana.

Dawa ya kawaida ni kisima kirefu, zaidi ya mita 150, ambacho mara nyingi hufungwa Namba 6 ile ile juu yake. Gharama yake huzidi uwezo wa kaya moja, kwa hiyo hulipiwa na serikali au kwa mchango, na hapo mahali pa kukiweka huwa na uzito kuliko pampu yenyewe. Kikiwekwa ndani ya ua wa mwenye nguvu, wanawake wa upande wa pili wa kijiji wataona haya kuingia na mtungi mara tatu kwa siku, nao watarudi kwenye pampu yao nyekundu. Dai kisima kiwe kando ya njia, au penye uwanja wa msikiti au shule, na jina la anayeshika spana lijulikane kabla ya kuchimba.

Katika ukanda wa maji ya chumvi wa Khulna na Satkhira, kusini-magharibi, usiinunue Namba 6 kwa kisima kifupi. Huko hufaa kwenye kichujio cha mchanga kilichojengwa kando ya bwawa, ambako huinua maji matamu ya mvua hadi kwenye tangi la kuchujia. Bwawa hilo lizungushiwe uzio, bila samaki wa kulishwa, bata wala kuoga.