Kipima mwanga cha tochi: kipi ununue ukitaka kurekodi mwanga unavyoshuka

Mlinzi wa mtaani kwetu alinunua tochi ambayo boksi lake limeandikwa lumeni 90,000. Akaniletea tuijaribu. Tukazima taa zote chumbani, tukaisimamisha wima mezani imulike dari, na kipima mwanga nikakilaza pembeni kikitazama juu. Sekunde ya 30 kilisoma luksi 148. Dakika ya tano, 63. Sote wawili tungeapa kwamba mwanga haujabadilika, maana jicho huzoea taratibu mwanga unavyopungua. Na mtu huyu anaitegemea tochi hiyo tangu saa moja jioni hadi alfajiri.

Ndiyo maana kabla sijauliza kuhusu usahihi wa kipima, nauliza kama kitakaa kwa muda wa saa sita kikiandika chenyewe. Vipima vingi vya bei nafuu hujizima baada ya dakika chache ili kuokoa betri. Mwambie muuzaji akuonyeshe jinsi ya kuondoa hali hiyo. Akishindwa, hicho ni cha kupimia mara moja tu.

Ujue pia unachosoma. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Luksi ni lumeni zinazotua kwenye mita moja ya mraba. Kipima cha mkononi husoma luksi. Ukitaka kandela, yaani ukali wa mwanga, zidisha luksi kwa umbali mara umbali: luksi 400 ukiwa mita 5 ni kandela 10,000. Kwa FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, tochi yenye kandela hizo inafika mita 200, pale mwanga unapobaki luksi 0.25, kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kiwango hichohicho huhesabu muda wa kuwaka mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Bila kurekodi huwezi kuijua saa hiyo.

Namba moja kwangu ni BH1750, sensa ya mwanga, iliyounganishwa na ESP32, bodi ndogo ya kompyuta unayoipangia programu. Sensa yenyewe ni kibao cha saketi kidogo sana, chenye nyaya nne za kuunganisha, na bei yake iko chini mno ukilinganisha na vipima vya dukani. Mifano ya programu zake imejaa mtandaoni. Niliiagiza iandike kila sekunde 10, nikaenda kulala, asubuhi nikakuta safu nzima ya namba kwenye kompyuta. Hakuna cha kujizima. Kikomo chake kwa mipangilio ya kawaida ni kama luksi 54,000. Kwa mwanga wa dari hutakikaribia. Tochi ya kurusha mbali ikikizidi, pima ukiwa umbali wa mita 5 uzidishe kwa 25 upate kandela.

Kama hupendi nyaya na unauza au kutengeneza tochi, chukua Extech SDL400. Inaandika kwenye memori kadi, unaichomoa na kufungua jedwali kwenye Excel, na inapima hadi luksi 100,000. Bei yake inauma. HD450 ya kampuni hiyohiyo inafika luksi 400,000 na kutunza vipimo 16,000 ndani yake. Ukiweka kila sekunde 5 unapata saa 22. Bado napendelea kadi.

Ya tatu ni UT383 ya Uni-T. Inaingia mfukoni, inafika luksi 199,900, lakini hairekodi. Nzuri kwa kulinganisha tochi mbili palepale dukani, au nyumbani ukiwa na daftari, saa na subira.

Mwisho ni simu. Sensa yake imewekwa ili kurekebisha mwanga wa skrini, na kila simu husoma kivyake. Kwenye iPhone programu za kupima mwanga hutumia kamera, ambayo hujirekebisha yenyewe. Itakuonyesha kwamba mwanga umeshuka. Usiitumie kubishana na muuzaji kuhusu namba.

Chochote utakachonunua, bandika tepu mezani pale tochi inaposimama na pale kipima kinapokaa. Usibadilishe chumba, wala pazia, wala shati jeupe ulilotundika ukutani, mpaka umalize tochi zote unazolinganisha. Sogeza kipima kidogo tu, na namba za jana hazilinganishiki tena na za leo.