FamilySearch: bure, lakini usianze bila daftari

Huduma hii ya kutafuta nasaba inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Haitozi hata senti, na si lazima uwe muumini wao.

Ubora wake kwetu ni mti wa ukoo na hifadhi ya sauti na picha. Kwanza kaa na bibi au babu, andika vizazi vitatu pamoja na vijiji walikozikwa wahenga, ndipo ufungue akaunti. Nyaraka za Afrika Mashariki ni chache ukilinganisha na za Ulaya, na baadhi ya picha za nyaraka hizo hufunguka ukiwa kwenye kituo cha FamilySearch tu.

Wengi hukwama kwenye majina. Fomu inataka jina la ukoo, ilhali katika Juma Hamisi Athumani jina la tatu ni la babu. Ukilichukulia kama la ukoo, hutampata baba yake, maana yeye aliandikwa kwa jina jingine. Tahajia nayo hubadilika: Athumani, Othman, Uthman. Tafuta kwa ?th*man*, alama ya kuuliza hushika herufi moja, nyota hushika herufi zozote, ziwe ngapi, au hata hakuna.

Mti ni mmoja kwa watu wote, kwa hiyo mgeni anaweza kubadilisha ulichoandika. Weka chanzo kwa kila jina, hata kama ni "simulizi ya shangazi, 2024". Na tafadhali, aliye hai usimwandike amefariki: taarifa zake zitaonekana kwa kila mtu.