Kampuni ya nje au mshauri mwenyeji: nani atathmini miradi ya fedha za misitu Uganda?

Mradi unaomlipa mkulima asikate miti huulizwa swali moja gumu: bila malipo hayo, msitu ungekuwaje? Hapa kampuni kubwa ya nje ina nguvu, kwa sababu ina wanatakwimu na wachambuzi wa picha za satelaiti. Utafiti uliofanyika wilaya za Hoima na Kibaale, magharibi mwa Uganda, ulilinganisha vijiji 60 ambako wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka na vijiji 61 visivyo na mpango huo. Miti ilipungua kwa asilimia 4.2 upande wa malipo, na 9.1 upande wa pili. Kazi kama hiyo hailingani na uwezo wa mtu mmoja.

Lakini satelaiti haioni umiliki. Kibaale kuna ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wenye hati), na anayelima kibanja, yaani kipande ndani ya ardhi hiyo, siye mwenye hati. Nani alitia saini mkataba? Mama aliyepalilia miche alipata nini? Mshauri mwenyeji anayezungumza Runyoro huyasikia haya bila mkalimani, na kwangu ndiyo nusu ya tathmini yenyewe. Tena ada yake ni nafuu. Hatari ni ukaribu: huenda aliwahi kulipwa na mradi huohuo, basi mtake atoe tamko la maslahi kabla ya mkataba.

Mradi mdogo wa wakulima, mpe mwenyeji. Mkubwa, ipe kampuni, ila hadidu za rejea (maelezo ya kazi) zimtaje mwenyeji kuwa mtathmini mwenza, na jina lake liwe kwenye ripoti.