Kabati la nguo kwa chumba cha kupanga: la kununua kwanza na la kuacha mwisho

Nguo zikirundikana kwenye kiti, kitandani na nyuma ya mlango, chunguza kabati kabla ya kumlaumu mwenye chumba. Ama nafasi haitoshi, ama iliyopo haiendani na nguo zinazovaliwa humo. Hapa tumeyapanga makabati yanayouzwa sana madukani na kwa maseremala wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kuanzia tunaloliamini zaidi. Tumemfikiria mtu wa mwambao anayeishi chumba cha futi 10 kwa 10, penye joto na unyevu, na anayejua kwamba siku moja atahama.

Pima kabla ya kutoa pesa

Ukuta wa futi 10 una sentimita 305 hivi. Kitanda cha tano kwa sita kinakula futi 5, kabati futi 2, zinabaki futi 3 za kupita na kufungulia milango. Ndiyo maana mlango mmoja wa kabati usizidi upana wa sentimita 50. Kabati la milango miwili mipana linapendeza dukani, ila ukilifungua nyumbani unabanwa kati ya mlango na kitanda.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni kina. Henga ya mtu mzima ina sentimita 42 hadi 45, na shati au koti likiwa juu yake linazidi hapo. Ndani ya kabati pawe na sentimita 55 au zaidi. Likiwa na 45, mikono ya mashati inabanwa na mlango, mlango haufungi sawasawa, vumbi linaingia, na baada ya wiki mbili nguo zinarudi kwenye kiti.

Halafu urefu. Kanzu, dera na gauni vinahitaji sentimita 150 hivi kutoka kwenye bomba la kutundikia henga hadi chini. Mashati na suruali zilizokunjwa mara mbili, sentimita 100. Upande mmoja wa kabati uwe na bomba la juu bila rafu chini yake, upande wa pili bomba lenye sentimita 100 chini yake, kisha droo. Rafu za khanga, vitenge na shuka ziachane sentimita 30 hadi 35. Zikiachana zaidi utapanga rundo refu, na siku utakapovuta doti ya chini rundo zima litakufuata. Bomba la mita 1 linabeba mashati 30 hadi 35 bila kukunjana. Hesabu nguo zako kabla ya kwenda dukani.

1. Kabati la mbao linalofunguliwa kwa bolti

Hili ndilo tunaloliweka juu, hata kama utaanza na dogo. Mwambie seremala mbavu, paa, sakafu na mgongo viwe vipande mbalimbali, vikutane kwa bolti za milimita 8 zenye nati na washa, zisizopungua nane. Maseremala wengi wakiachwa wachague watapiga misumari na gundi, kwa sababu ni haraka. Kabati la namna hiyo siku ya kuhama halipiti kwenye kona ya korido, na likilazimishwa linalegea viungo na halikazi tena. La bolti unalifungua kwa spana, unalilaza kwenye kirikuu pamoja na godoro, unalifunga upya jioni hiyo hiyo.

Kuhusu mti: mninga, mkongo, mvule na mtiki vinavumilia vizuri. Mtiki mwingi wa Tanzania hutoka mashamba ya Muheza na bonde la Kilombero. Mvule ni mgumu kwa mchwa. Mninga ni mzuri, lakini angalia ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Kiini chake chekundu-kahawia ndicho kigumu. Ile nyeupe inaliwa na bungua, na wapo mafundi wanaoipaka rangi ifanane na kiini. Fungua droo uangalie ndani na nyuma, mahali ambapo rangi haikufika. Ukikuta mbao nyeupe kwenye mbavu au miguu, omba zibadilishwe. Ukiona tayari matundu madogo kama ncha ya sindano na unga laini chini yake, liache hapo hapo.

Paini ya Sao Hill, Mufindi, inashusha bei sana na inatosha kwa chumba cha kupanga. Mchwa wanaipenda, kwa hiyo dawa ya mchwa ipakwe pande zote, pamoja na nyayo za miguu, kabla ya vanishi. Dawa ikipakwa juu ya vanishi haiingii.

Mbao mbichi ndiyo kasoro inayoleta majuto mengi. Zinapokauka chumbani kwako zinajikunja na milango inapinda. Mbao mbichi ni nzito kuliko kawaida, ina ubaridi ukiigusa, na ukiipiga msasa unga wake unaganda kwenye msasa badala ya kupukutika. Hata mbao kavu hunenepa kidogo wakati wa masika, kwa hiyo kati ya milango miwili iachwe nafasi ya milimita 3. Fundi anayebana milango ikagusana mwezi Januari atakuita mteja wake tena mwezi Aprili.

2. Kabati la MDF

Linafaa kwa mtu aliyetulia, hasa mwenye nyumba yake. Sura yake ni nzuri, milango yake haipindi kirahisi, na fundi mwenye mashine ya kukata anakukatia vipimo kamili. Bodi moja ni futi 8 kwa 4. Kabati la upana wa sentimita 120, urefu 180 na kina 60 linakula bodi tatu za milimita 18, pamoja na hadibodi moja ya mgongo. Kila bodi ina kilo 40 hivi, kwa hiyo tayarisha watu wawili wenye nguvu.

Udhaifu wake ni maji. MDF ni bodi ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kingo zikipata maji zinafura kama mkate, na hazirudi. Kwetu maji hayo hutoka kwenye tambara la kudekia, kila asubuhi, kidogo kidogo. Dai miguu ya plastiki au chuma ya sentimita 8 hadi 10, na ukanda wa plastiki kwenye kingo zote, za chini pia. Nyingi za dukani zina ukanda mbele tu. Pitisha kidole chini ya kabati: ukigusa kitu cha kukwaruza kama karatasi ngumu, hapo hapakuzibwa.

Skrubu ikifunguliwa na kurudishwa kwenye MDF mara ya pili inashika kwa shida. Mara ya tatu tundu limeshakuwa unga. Ndiyo sababu halifai kwa anayehama kila mwaka. Rafu isizidi upana wa sentimita 60 bila kitu cha kuishikilia katikati, la sivyo itajipinda chini ya shuka na mablanketi. Likiwa jipya liache wazi siku kadhaa, madirisha yakiwa wazi pia, kabla ya kuweka nguo. Ile harufu inayochoma macho ni ya gundi, na nguo za mtoto mchanga zinaifyonza.

Chipubodi huuzwa kwa jina la MDF mara nyingi. Tazama ukingo uliokatwa. MDF ni laini kama karatasi iliyobanwa. Chipubodi inaonyesha vipande vya maranda, na inaharibika kwa maji mapema zaidi.

3. Droo za plastiki pamoja na bomba la ukutani

Kwa chumba chenye watoto, au penye mchwa sugu, mchanganyiko huu unashinda makabati mengi ya bei kubwa. Plastiki hailiwi na mchwa, haifuri, na inaoshwa nje kwa sabuni. Chagua droo ambazo ukivuta moja mpaka mwisho haidondoki. Nguo nzito zikae chini, na mnara usizidi droo nne kama kuna mtoto anayetambaa, maana atazipanda kama ngazi. Nguo za kutundika ziende kwenye bomba la milimita 25. Likizidi mita 1 liwe na mkono wa tatu katikati. Lifunike kwa pazia jepesi kwa ajili ya vumbi.

4. Tranka la bati

Halitoshi kuwa kabati, ila hakuna kinacholinda vitu dhidi ya panya na mende kama hili. Weka humo blanketi, suti, mapazia ya sikukuu. Lipandishe juu ya vipande vya mbao. Likigusa sakafu ya saruji kitako kinapata kutu na kutu inahamia kwenye shuka nyeupe. Kila kilichomo kikauke kabisa kwanza, kwa kuwa hewa haipiti.

5. Kabati la turubai

Linauzwa kila mahali kwa sababu ni rahisi na linabebeka kwenye bodaboda. Lichukue kama daraja la miezi michache. Linaanza kuharibika kwenye viungo vya plastiki: vinapasuka, bomba linachomoka, kabati linaegemea upande, zipu inavutwa na kutatuka. Ukilinunua, tafuta mabomba ya milimita 25 badala ya 16, funga kila kiungo kwa waya, weka vizito chini, na juu ya paa usiweke sanduku. Panya anatoboa kitambaa kwa usiku mmoja. Na kitambaa chake kinashika moto upesi, kwa hiyo chetezo cha udi na dawa ya mbu ya kuwasha vikae mbali nalo.

Mahali pa kuliweka

Liache sentimita 5 kutoka ukutani, na liepuke ukuta wa bafu au ule unaopigwa na mvua. Ukungu unaanza mgongoni, mahali usipopaona. Kila baada ya wiki mbili mulika nyuma kwa tochi ya simu kutafuta njia za udongo za mchwa. Nguo za pasi zipoe kwanza, maana mvuke wake ukifungiwa ndani huzaa ukungu huo huo. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini usiviweke kwenye nguo za mtoto mchanga: mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kuvunjika seli nyekundu za damu kwa kuvuta harufu yake tu, na upungufu huo si haba katika mwambao wetu.

Kabla ya kumaliza deni la fundi, tundika henga zako mwenyewe na ufunge milango. Vuta kila droo ikiwa na kilo 5 za mchele ndani. Tikisa kabati kwa mkono mmoja juu. Likiyumba, bolti zikazwe akiwa bado yupo.