Buibui kwenye kaharabu: jiwe la kweli, tangazo la uongo

Jamani nimenunua buibui aliyeganda ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Nianze na kilichoniudhi, tangazo la muuzaji linasema "buibui aliyeishi na madainosa" afu mstari unaofuata wameandika kaharabu ya Baltiki, kule kaskazini mwa Ulaya. Haviendi pamoja hivyo!! Ya Baltiki ina kama miaka milioni 44 na dainosa waliisha miaka milioni 66 iliyopita, ukitaka mdudu wa enzi zao tafuta ya Myanmar ya miaka milioni 99, huko ndo alikotoka kiumbe anaitwa Chimerarachne aliyetangazwa 2018, ana viungo vya kutolea uzi kama buibui na bado anaburuza mkia mrefu, yaani ndugu wa buibui waliobaki na mkia wa mababu.

Ila jiwe ni la kweli, nimelipima. Nimelitia kwenye maji ya chumvi nyingi likaelea, plastiki nyingi huzama, lakini sandarusi (utomvu mchanga ambao haujawa kaharabu) nayo huelea kwahiyo usiishie hapo, nikadondoshea asetoni tone moja pembeni nikangoja, halikunata. Sandarusi ingenata.

Buibui mwenyewe kidogooo, kama kichwa cha kiberiti, ile picha wameikuza mno. Ila kwa kioo cha kukuzia naona hadi vinyweleo vya miguuni. Tumboni kuna ukungu mweupe na nimeona watu wanarudisha mzigo kwa ajili hiyo, msirudishe, ni vipovu vidogo vya mwili ulivyokuwa unaoza ndani ya utomvu, ya Baltiki ndo ilivyo.

Mi nilikuwa namtaka yule mwenye shingo ndefu anayewinda buibui wenzake, jamii ya Archaeidae, walijulikana kwanza kwenye kaharabu hiihii 1854 ikaonekana ni marehemu wa zamani, kumbe wazima wapo Madagaska, wakaja kuelezwa 1881. Wangu shingo hana. Nimekagua mara kumi.

Muuzaji huyohuyo ana "buibui mkubwa wa kwenye mwamba toka China", hapo mi simo mpaka alete picha za taa ya UV, ile inayofichua palipopakwa rangi. Kuna mmoja wa hivyo alishapewa hadi jina la kisayansi, 2019 ikajulikana ni kamba wa maji baridi kachorewa miguu kwa rangi.

Nyota 3. Ya nne nitampa akifuta hao madainosa.